Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Ubovu na Gharama za Matengenezo ya Ford Mustang za 1965 na 1966

Majibu yaliyo hapa chini yanahusu Mustang za mwanzo kabisa, yaani kuanzia zile zilizoingia sokoni tarehe 17 Aprili 1964 hadi zile za modeli ya 1966. Yameandikwa kwa ajili ya ndugu wanaozungumza Kiswahili ambao wanaishi Marekani au Kanada, wamenunua gari hili au wako mbioni kulinunua, na wanalazimika kujadiliana na mafundi kwa lugha ambayo maneno yake ya gereji hawajayazoea. Bei zote ni za dola ya Marekani nazo ni makadirio, kwa kuwa saa moja ya fundi hugharimu takriban dola 90 hadi 160 kutegemea mji, na fundi wa bodi anayejua magari ya zamani mara nyingi hutoza zaidi ya fundi wa injini.

Je, Mustang ya zamani ni gari la gharama kubwa kulitunza?

Kwa upande wa injini, breki na umeme, hapana. Ford ililiunda gari hili kwa kutumia vifaa vingi vya Falcon, gari la familia la bei nafuu, na ndiyo maana bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368 tu. Kwa kuwa magari zaidi ya 1,000,000 yaliuzwa kabla ya miaka miwili kutimia, spea zake hutengenezwa mpaka leo, kuanzia skrubu ya taa hadi bodi nzima mpya. Pampu ya maji ya V8 hupatikana kwa dola 50 hadi 120, sterta kwa dola 60 hadi 150, na mtu mwenye seti ya spana na jeki nzuri anaweza kuzifunga mwenyewe nyumbani siku ya Jumamosi.

Kilicho ghali ni bati. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea, bali bodi yenyewe ndiyo chasisi, kwa hiyo kutu ikila sakafu au mihimili ya chini inakuwa imekula kitu kinachoshikilia springi, usukani na milango. Nimewaona watu wakiacha gari lenye injini iliyokufa na bodi kavu, wakanunua linalonguruma vizuri lakini limeoza chini, na kila mara wamejuta. Injini iliyokufa ina bei inayojulikana: kuifungua na kuifanya upya yote ni dola 3,500 hadi 7,000. Kutu haina bei inayojulikana mpaka bati lifunguliwe, na bili ya dola 15,000 kwa gari lililoonekana safi kwa nje si jambo la ajabu.

Nitajuaje gari lilitoka kiwandani na injini gani?

Soma namba ya gari iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto, chini ya boneti. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa modeli, 5 au 6. Herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose na T ni Metuchen. Alama ya tano tangu mwanzo, ambayo ni herufi, ndiyo injini. T ni ya silinda 6 yenye ukubwa wa inchi za ujazo 200, C ni V8 ya 289 yenye kabureta ya midomo 2, A ni 289 ya midomo 4, na K ni ile 289 yenye nguvu za farasi 271 ambayo wakusanyaji huigombea. Magari ya miezi ya mwanzo, kabla ya Agosti 1964, yana herufi nyingine kama U ya silinda 6 ya 170 na F ya V8 ya 260, nayo yalikuwa na dinamo badala ya oltaneta.

Angalia pia nati za tairi. Magari ya silinda 6 yalitoka na nati 4 kwa kila tairi na yale ya V8 yalitoka na nati 5. Ukikuta V8 chini ya boneti huku tairi zikiwa na nati 4, ujue kwamba mtu alibadilisha injini akaacha breki ndogo na ekseli nyepesi ya nyuma ya gari la silinda 6. Gari la namna hiyo lina mwendo kuliko uwezo wake wa kusimama, na bei yake inapaswa kupunguzwa kwa dola 2,500 au zaidi ili uweze kulirekebisha.

Kwa nini kapeti hulowa miguuni kila mvua inaponyesha?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake ndilo linaloamua kama gari linafaa kununuliwa.

Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zilipo, kuna matundu membamba ya kuingiza hewa. Maji ya mvua huingia humo pamoja na hewa, na ndani yake kuna kisanduku cha bati chenye shingo mbili zilizoinuka, moja kila upande, ili hewa ipite katikati ya shingo na maji yapite pembeni mpaka yatoke kwa ubavuni mwa gari. Majani makavu hukusanyika kuzunguka shingo hizo, yakaloana na kukaa mwaka mzima, na kwa kuwa bati la ndani halikupakwa rangi ipasavyo, kutu huanzia hapohapo. Shingo ikishaoza, maji hayana tena cha kuyazuia, nayo hudondoka moja kwa moja juu ya miguu ya dereva na abiria. Sakafu iliyooza ni matokeo tu, na anayebadilisha sakafu bila kugusa kisanduku hicho atabadilisha sakafu nyingine baada ya miaka michache.

Kupima ni rahisi na muuzaji mwaminifu hatakataa. Inua kapeti pande zote mbili, weka karatasi kavu chini ya dashibodi, kisha mwagia maji taratibu kwenye matundu kwa jagi, kwanza upande wa kulia halafu wa kushoto. Subiri dakika 5. Maji yote yanapaswa kuonekana yakitoka chini, nyuma ya madigadi za mbele. Tone moja likidondoka kwenye karatasi, tundu lipo.

Gari langu mwenyewe, la 1966, nililinunua likiwa na rangi mpya nyekundu inayong'aa, na muuzaji aliniambia kwamba kapeti lina unyevu kwa sababu aliacha kioo wazi usiku. Nilimwamini. Nilipong'oa kapeti nyumbani nilikuta tabaka la lami, chini yake kitambaa cha fiba, na chini ya kitambaa hakukuwa na bati bali ardhi ya gereji yangu. Bisibisi ilipita bila kusukumwa.

Matengenezo ya kweli ni kutoa madigadi za mbele, boneti na kioo cha mbele, kutoboa nukta za kulehemu moja baada ya nyingine, kuinua bati la juu, na kufunga mabati mapya ya juu na ya chini. Bati lenyewe si ghali, dola 200 hadi 450, lakini kazi ni saa 20 hadi 40, hivyo bili huwa kati ya dola 2,500 na 5,000. Kuna vifuniko vya plastiki vya dola 20 hadi 40 ambavyo hugandishwa juu ya shingo kwa silikoni. Navikubali kama huduma ya kwanza ya kuokoa sakafu mpya wakati unatafuta pesa, lakini vinaficha ubovu na haviuondoi.

Kutu nyingine nitafute wapi?

Fungua buti na uangalie pembe za chini karibu na taa. Pita chini ya gari na ugonge mihimili ya mbele kwa nyundo ndogo, hasa chini ya betri, kwa sababu tindikali ikimwagika hula trei yake kwanza, kisha bati la pembeni, kisha muhimili wenyewe. Trei ni dola 20, bati la pembeni likifungwa na fundi ni dola 500 hadi 1,000, na muhimili ni dola 1,500 na kuendelea kwa kila upande. Magari ya majimbo ya kaskazini, yanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, yakaguliwe kwa ukali kuliko yale ya Arizona au California.

Gari la paa la kitambaa linahitaji uangalifu wa peke yake. Kwa kuwa halina paa la bati la kulifunga, nguvu zake ziko kwenye mihimili ya ubavuni iliyoongezwa unene, na mihimili hiyo ikioza gari huanza kupinda katikati. Funga milango na utazame nafasi kati ya mlango na bodi: ikiwa ni pana chini na imebana juu, gari limeshalala. Usinunue bila fundi wa bodi kuliona.

Kanyagio la breki linazama hadi chini. Je, niendelee kuendesha?

Usiendeshe, hata kama ni hadi dukani tu.

Mustang za 1965 na 1966 zina masta silinda ya chumba kimoja, maana yake ni kwamba magurudumu yote 4 yanategemea mafuta yaleyale. Silinda moja ndogo ya gurudumu ikivuja, au bomba moja likipasuka, breki zote huondoka kwa pamoja na hakuna akiba. Masta silinda ya vyumba viwili ilikuja na modeli ya 1967, nayo hufungika kwenye magari ya awali kwa kubadilisha mabomba machache na kifaa cha kugawa mafuta. Seti yake ni dola 150 hadi 300, na fundi huifunga kwa saa 3 au 4. Kama ningeruhusiwa kumlazimisha mwenye gari hili kufanya jambo moja tu, lingekuwa hilo, kabla ya redio, kabla ya rimu, na kabla ya rangi.

Breki za kawaida za gari hili ni za ngoma mbele na nyuma, za inchi 9 kwa silinda 6 na inchi 10 kwa V8. Zikiwa nzima na zimerekebishwa husimamisha gari vizuri mara ya kwanza, lakini kwenye mteremko mrefu hupata joto na kulegea, na zikipita kwenye dimbwi huvuta upande mmoja mpaka zikauke. Kuzifanya upya zote nne, yaani silinda ndogo, viatu, springi na mabomba ya mpira, ni dola 250 hadi 450 za spea. Kubadilisha za mbele ziwe za diski ni dola 600 hadi 1,300 za spea pamoja na saa 5 hadi 8 za kazi. Diski za mbele zilipatikana kiwandani kama nyongeza tangu 1965, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba unaharibu asili ya gari.

Usisahau yale mabomba mafupi ya mpira. Yakizeeka huvimba kwa ndani bila kuonekana kwa nje, yakapitisha mafuta unapokanyaga na kuyazuia yasirudi unapoachia. Gurudumu moja hubaki limeshikwa, linanuka na kuchemka, na watu hununua viatu vipya vya breki wakati tatizo ni bomba la dola 15.

Ni kweli kwamba tangi la petroli ni la hatari?

Tangi la lita 60 hivi limetumbukizwa kutoka juu kwenye tundu la sakafu ya buti, kiasi kwamba uso wake wa juu ndio sakafu yenyewe unayowekea mizigo, na kati yake na abiria hakuna zaidi ya mgongo wa kiti cha nyuma na ubao mwembamba. Likigongwa kwa nguvu kutoka nyuma, petroli inaweza kuingia ndani. Wengi hufunga bati la chuma nyuma ya kiti, dola 100 hadi 200, na kazi yenyewe haizidi saa 3. Kwa kuwa mikanda ya asili hushika kiuno tu, wakati huohuo funga ya kupita begani, dola 150 hadi 350 kwa viti viwili vya mbele, ikiwa na vishikizo vilivyolehemewa vizuri.

Gari linachemsha. Nianze kubadilisha nini?

Usinunue chochote kwanza. Jiulize linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukiingia barabara kuu, hewa haipiti ya kutosha kwenye rejeta: angalia mkanda, feni, na kama kile kizimba kinachozunguka feni kipo au kilitupwa zamani. Likichemsha kwa mwendo kasi, maji hayapiti ya kutosha: rejeta imeziba, au bomba la chini la mpira linabonyea kwa ndani kwa sababu ya kukosa springi yake, na hilo utaliona ukimwomba mtu akanyage mafuta huku wewe ukilitazama. Likionekana kuchemsha wakati wote, hata asubuhi ya baridi, shuku geji kabla ya injini, na utumie kipimajoto cha kuelekeza cha dola 25 kupima karibu na themostati. Nyuzijoto 85 hadi 95 za Selsiasi ni kawaida kabisa.

Kuna chanzo kingine ambacho mafundi vijana hawakijui. Puli ya mbele ya krankishafti imeundwa kwa pete mbili zenye mpira katikati, na baada ya miaka 50 na zaidi mpira huo hulegea, pete ya nje yenye alama za taiming ikateleza. Fundi anaweka taiming kwa uangalifu kwenye alama inayodanganya, cheche zinachelewa, na injini inachemsha kwa sababu hiyo tu. Puli mpya ni dola 60 hadi 150. Rejeta mpya, ikiwa kweli inahitajika, ni dola 200 hadi 450, na kusafisha injini ya tope la kutu lililokaa chini ya silinda kunapaswa kufanyika kabla ya kuifunga, la sivyo tope hilo litaiziba rejeta mpya pia.

Geji ya petroli na ya joto zinapanda na kushuka kwa pamoja. Tatizo ni nini?

Zikikosea kwa pamoja, tatizo ni kile kifaa kidogo kilicho nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme wa geji hadi wastani wa volti 5. Ni cha dola 20 hadi 60. Ikikosea moja peke yake, kosa ni la sensa yake, ya petroli ndani ya tangi au ya joto kwenye injini. Kabla ya yote, safisha sehemu ambapo dashibodi inagusana na bodi, kwa sababu waya wa ardhi ukiwa na kutu, hata kifaa kipya hakitafanya kazi.

Taa kubwa zikizima na kuwaka zenyewe usiku, swichi ya taa ina kinga ya ndani inayokata umeme inapopata joto. Mtu akifunga balbu kali kuliko za asili, umeme wote unapita kwenye swichi hiyo ya miaka ya 1960, nayo inakata. Seti ya waya yenye rilei, dola 40 hadi 80, huondoa mzigo huo. Waya zote za gari zikiwa zimekakamaa na kukatika zikikunjwa, badilisha seti nzima kwa dola 700 hadi 1,300 za spea badala ya kuziunga kipande kwa kipande. Nyaya zilizounganishwa kwa utepe wa gundi tu ndizo zinazowasha moto.

Injini inawaka kwa shida, inakosakosa, au inasita ninapokanyaga mafuta.

Anzia kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda. Fungua kifuniko na utazame pointi, yaani vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche: nyuso zake zikiwa na shimo upande mmoja na kijungu upande wa pili, zimekwisha. Kwa V8 ya 289 nafasi yake ni inchi 0.017, na kwa silinda 6 ni inchi 0.025. Pointi, kondensa na rota ni dola 30 hadi 50 kwa jumla. Watu wengi siku hizi huweka kifaa cha elektroniki kinachokaa ndani ya distribyuta ileile, dola 90 hadi 160, na mimi naliunga mkono hilo kwa gari linaloendeshwa kila wiki.

Ukiwa hapo na kifuniko kimefunguliwa, pima pia cheni ya taiming. Zungusha krankishafti kwa spana taratibu upande mmoja, kisha irudishe upande wa pili huku ukiitazama rota. Krankishafti ikizunguka sana kabla rota haijaanza kusogea, cheni imelegea. Seti mpya ni dola 40 hadi 120, lakini kazi ni saa 5 hadi 8 kwa kuwa pampu ya maji na kifuniko cha mbele lazima vitoke.

Wenye silinda 6 wana tatizo lao la peke yao. Distribyuta ya asili ya injini hiyo haina vizito vya kusogeza cheche kwa mwendo, bali hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta pekee, na kabureta ya Autolite 1100 ina valvu maalumu kwa ajili hiyo. Mtu akifunga kabureta ya aina nyingine isiyo na valvu hiyo, cheche hazisogei inavyotakiwa, gari linakuwa zito na linakula mafuta, na hakuna urekebishaji wa kabureta utakaoliponya. Vifaa hivyo viwili lazima vilingane: ama vyote vya asili, ama ubadilishe na distribyuta iwe ya kisasa zaidi. Gari langu lilizunguka gereji tatu kabla fundi mmoja mzee hajaitazama kabureta kwa sekunde chache na kuniambia hivyo. Kufanya kabureta upya ni dola 30 hadi 60 kwa seti ya gaskiti ukifanya mwenyewe, na dola 250 hadi 450 kwa fundi.

Je, petroli na oili za siku hizi zinaifaa injini hii?

Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Marekani iliipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani tarehe 1 Januari 1996. Kwa uendeshaji wa polepole uchakavu ni mdogo, kwa hiyo usifungue silinda hedi kwa hofu tu, bali siku itakapofunguliwa kwa sababu nyingine agiza viti vigumu vya valvu za ekzosi. Ethanoli ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu hulainisha mabomba ya zamani ya mpira, nayo petroli yake hukauka upesi kwenye kabureta gari likikaa. Badilisha mabomba yote ya petroli, kwa dola 30 tu, na uyachunguze kila mwaka. Kuhusu oili, chagua iliyoandikwa kwamba ina zinki ya kutosha kwa injini za zamani, kwa kuwa kemishafti ya injini hii husuguana moja kwa moja na tapeti bapa.

Giaboksi ya otomatiki inachelewa kubadilisha gia na ekzosi inatoa moshi mweupe. Injini imekufa?

Huenda haijafa hata kidogo. Nyuma ya C4, giaboksi ya otomatiki ya magari haya, kuna kikopo kidogo chenye kiwambo cha mpira, kilichounganishwa na injini kwa bomba la hewa. Kiwambo kikipasuka, injini hunyonya mafuta ya giaboksi na kuyaunguza. Chomoa bomba hilo kwenye kikopo: ukiona mafuta mekundu ndani yake, umepata mgonjwa. Kifaa kipya ni dola 20 hadi 50 na kazi ni chini ya saa moja. Nimesikia watu wakitozwa dola 2,000 za kufanya giaboksi upya kwa ubovu huu, na inaniuma kila ninaposikia. Hakikisha pia kwamba mafuta yanayotumika ni ya Type F.

Kwa wenye gia 3 za mkono na silinda 6, meno yakilia unapoingiza gia ya kwanza huku gari bado linatembea, huo si ubovu. Gia hiyo haina sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Simama kwanza.

Usukani umelegea na sehemu ya mbele inalia kama mlango usio na mafuta.

Mlio huo ni wa bushi za mikono ya juu, yaani mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele, ambazo wengi hawazipaki grisi kwa sababu zimebanwa karibu na zile nguzo za bati zinazobeba springi. Grisi ikikataa kuingia, mikono mipya ni dola 60 hadi 150 kila mmoja. Seti nzima ya mbele, yenye boljointi, mikono ya chini na ncha za usukani, ni dola 350 hadi 700 pamoja na saa 8 hadi 12 za kazi. Springi za mbele zina nguvu ya kuua mtu zikiachiwa vibaya, kwa hiyo usizitoe bila kifaa chake cha kuzibana. Kagua pia nguzo zenyewe kama zina nyufa. Kiwanda kilikuwa na kiungo cha kipande kimoja cha kuziimarisha, kilichofungwa kwenye magari yaliyopelekwa nchi zenye barabara mbovu, na nakala yake leo ni dola 50 hadi 100.

Kwenye magari yenye usukani wa pawa, valvu na silinda yake iliyo chini huvuja karibu kila mara. Seti ya sili ni dola 30 hadi 60, lakini valvu iliyokwaruzika ndani haiponi kwa sili.

Nina dola 5,000 mwaka huu. Nianzie wapi?

Masta silinda ya vyumba viwili na breki zote zifanywe upya, kama dola 1,200 pamoja na kazi. Bati la nyuma ya kiti, mikanda ya bega na mabomba ya petroli, kama dola 700. Kinachobaki kiende kwenye kile kisanduku cha chini ya kioo cha mbele kama jagi la maji limeonyesha kwamba kinavuja, na kama hakivuji, kiende kwenye usukani na mikono ya mbele. Mwambie fundi akupigie picha za kila hatua kabla hajafunika bati, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hatavuka kiasi fulani bila kukupigia simu. Ukiambiwa upake rangi kwanza kwa sababu kuna punguzo, kataa. Rangi isubiri mpaka kapeti limekaa kavu msimu mzima wa mvua.